Unaona na Wewe?

Kambini, Msitu wa Namkundi,
Pwani ya Lindi.
Jumatano, 11 Desemba 2024.

Kwako Baba yangu mpenzi, Mzee Isihaka, nyumbani Mtua.

Assalamu alaikum, na shikamoo mbili: moja yako, na moja ya goti lako la kulia, maana najua siku hizi nalo ni mtu mzima humo ndani, na lisiposalimiwa linanuna.

Mimi mwanao Hafidha ni mzima, nakula vizuri, nalala vizuri, nimeungua jua kidogo puani basi. Sijui ninyi huko. Mama kifua kimeachia, au bado anajitibu kwa yale majani machungu na kusema hospitali ni mbali? Mwambie nimeuliza, tena nimeuliza kwa ukali. Na Fidia je, bado anatoa maziwa, au ng'ombe wetu naye amestaafu anakula bure? Raudha aliniambia mmeokota korosho za mwisho wiki iliyopita. Alhamdulillahi. Najua mgongo wako unalipa sasa.

Natumaini barua hii imekukuta kwenye kiti chako cha kamba, redio imezimwa, na mdogo wangu ameshakaa kitako akusomee. Raudha, usisome mbio kama unavyosoma ujumbe wa simu, na usiruke mahali. Nakujua kwa kuruka.

Baba, utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwanza wewe mwenyewe ulisema simu ni ya misiba na ya kuulizana nani kafika. Pili, huku mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, tena kwa kunyoosha mkono. Lakini sababu ya kweli ni kwamba nina jambo ambalo nikikuambia kwenye simu utakata kabla sijafika katikati, na barua haikatwi. Unaweza kuitupa, lakini najua utamwambia Raudha akaiokote.

Nianze na habari za safari. Shule yetu ya Malolo ina klabu ya mazingira, na mwaka huu, baada ya kufunga shule, tumeleta wanafunzi ishirini na wawili kupiga kambi katika msitu huu wa hifadhi. Tunalala kwenye mahema usiku nne, tunajifunza miti na wanyama, halafu Alhamisi tunarudi. Namsikia Mama kutoka hapa akiuliza watu wenye nyumba zao za bati wanatafuta nini porini. Hata mimi nilijiuliza hivyo siku ya kwanza mgongo wangu ulipokutana na mzizi. Sasa nimezoea, na nadhani nitapakumbuka.

Mkuu wa msafara ni Mwalimu Dastani, mtu mpole anayeogopa jongoo. Kamati ya shule ikasema walimu wawili hatutoshi, apatikane na mzazi mmoja asiyeogopa kulala msituni. Wazazi wote wakanyoosha vidole kwa mtu mmoja, ambaye ameishi maisha yake yote nyuma ya ng'ombe, na ambaye mjukuu wake Marystella yuko darasa la sita. Baba, usikunje uso. Raudha, mpe Baba maji. Mzazi huyo ni Mzee Kashinje.

Ndiyo, yule yule. Na bora nikwambie lote. Tangu nilipopangiwa kazi Malolo, mwaka wa pili huu, mzee huyo amekuwa akinitumia maziwa kila Jumatatu, na hajawahi kupokea hata shukrani ya kibaba cha unga. Nilikuficha kwa sababu nilijua utaniambia niyamwage. Na sasa anahama. Malisho yamewabana, na mvua zikishika familia yote itavuka kwenda Liwale na mifugo yao. Kwa umri wake harudi tena huku. Nakuandikia kwa sababu nataka muonane kabla hajaondoka, na najua ninaomba kitu kizito.

Raudha alikuwa na miaka miwili mambo yale yalipotokea, kwa hiyo acha nimweleze yeye, wewe Baba unisahihishe. Zamani, mdogo wangu, kila korosho za mwisho zikiokotwa, ng'ombe wa Mzee Kashinje walikuwa wanaingia katika shamba letu la mikorosho. Walikula majani na matunda yaliyobaki, yaani mabibo, wakatuachia mbolea, na Baba akaletewa maziwa kwenye kibuyu. Hawakuandikishana popote. Alama yao ilikuwa gunia moja jeupe la salfa, lile tunalonunulia dawa ya mikorosho, ambalo Mama alilishonea kiraka chekundu cha kanga ili lisifanane na la mtu mwingine. Baba akilitundika kwenye mkorosho wa njiapanda, maana yake shamba liko wazi, ingiza. Gunia lisipokuwepo, hata mkia wa ndama haukuvuka. Miaka minne walikwenda hivyo, na jioni nyingi wazee hawa wawili walikaa wakicheka mambo ambayo sisi watoto hatukuyaona yanachekesha.

Mwaka wa tano, Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, korosho zikiwa bado zimejaa chini ya miti, ng'ombe waliingia. Ng'ombe akila bibo anameza na korosho yake. Baba alirudi kutoka msikitini akakuta nusu ya shamba imefagiliwa. Mzee Kashinje alisema ameliona gunia kwa macho yake, na kiraka chake. Baba akasema gunia liko stoo. Wazee wa kijiji wakaenda kutazama, wakalikuta stoo, limekunjwa. Mzee Kashinje akatozwa mitamba wawili, mmoja ndiye huyu Fidia. Na Baba akasema mbele ya watu wote kwamba mwenye macho haambiwi tazama, isipokuwa huyu ambaye macho yake yanaona kile tumbo linachotaka. Mwezi haukuisha, yeye na familia yake wakahamia Malolo. Hivyo ndivyo habari inavyosimuliwa nyumbani kwetu.

Sasa nikueleze tulipo, ili ujue ni mtu wa namna gani niliyenaye hapa. Msitu huu unashuka mlima polepole mpaka unagusa mchanga wa bahari. Kuna misandarusi mikubwa, kuna mikoche, na upande wa mkondo kuna mikoko imesimama na mizizi yake nje. Pako kimya. Kwetu hata ukienda shamba la mbali utasikia mtu anakata kuni au pikipiki inapita. Huku ni mawimbi, ndege, na kima wanaogombana kama wake wenza. Siku ya pili nilikaa peke yangu juu ya jiwe saa nzima, na hakuna aliyeniita. Baba, sijawahi kukaa saa nzima bila kuitwa tangu nijue kutembea.

Mlinzi wa msitu ni kijana mmoja wa Nachingwea anaitwa Shaibu, ndiye aliyekuletea barua hii. Tulipofika tu, akamwona Mzee Kashinje na fimbo yake, akavua kofia na kuuliza kwa adabu zote, mzee, ng'ombe umewaacha wapi. Alidhani wako nyuma yetu. Mzee akageuka, akawanyooshea fimbo wale watoto ishirini na wawili, akasema hawa ndio niliopewa msimu huu. Shaibu alicheka mpaka akasahau kutusomea masharti.

Na kweli alituchunga. Alikataa mahema yakae kwenye mstari kama Mwalimu Dastani alivyotaka. Akayapanga duara, akawatuma watoto waokote matawi makavu yaliyoanguka, maana hapa kukata ni marufuku, akatuzungushia boma na kuacha mlango mmoja. Jioni Mwalimu Dastani anasimama mlangoni na karatasi ya majina. Mzee hana karatasi wala hahesabu, kwao kuhesabu mifugo ni mkosi. Anawatazama tu wakipita. Juzi karatasi ilisema wote wamo, yeye akasema hapana, sijamwona mwenye fulana nyekundu iliyochanika begani. Ikawa kweli. Mtoto alikuwa nyuma ya choo anakula karanga peke yake.

Siku ya kwanza alipoiona bahari alisimama muda mrefu. Yeye kazaliwa karibu na Ziwa Viktoria, maji mengi si kitu kigeni kwake. Akakunja suruali, akaingia mpaka magotini, akachota kwa kiganja, akaonja. Akatema. Kisha akarudi ametulia na kumwambia Mwalimu Dastani kwamba anasikitika, maji yote haya na hakuna ng'ombe hata mmoja anayeweza kunywa. Aliyasema kwa huruma kabisa, utadhani kuna mtu kayaharibu jana. Nilikumbuka ulivyokuwa ukirudi nyumbani ukitusimulia maneno yake, Mama anacheka huku anakataza watoto wasiwacheke wakubwa.

Lakini ana tabia moja ambayo mwanzoni ilituchekesha wote. Hawezi kuona kitu akaamini peke yake. Meli ilipita mbali siku ya kwanza, akamwita Marystella, akamwonyesha, akamuuliza: unaona na wewe? Mpaka mtoto aliposema naona ndipo akasema hiyo ni meli. Asubuhi ya pili maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mtupu mpaka mbali, akaniita mimi kutoka kwenye uji wangu. Akaniuliza, mwalimu, bahari haipo, unaona na wewe? Nikamwambia naona, ni kupwa, itarudi. Akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, kana kwamba nimemfanyia jambo kubwa. Watoto wakaugeuza mchezo. Kambi nzima ikawa ni unaona na wewe, unaona na wewe. Mwalimu Dastani naye, akipakuliwa mchuzi bila nyama, anamwinamishia jirani yake sahani na kumuuliza kama anaona. Mzee mwenyewe alikuwa akicheka nao.

Mimi sikucheka sana, Baba, na sababu utaiona.

Jana asubuhi ilinyesha mvua, mahema mawili yakavuja, langu likiwemo. Mvua ilipokata nilitoa shuka langu jeupe nikalitundika kwenye tawi, pale njia inapoingia kambini, nikarudi ndani ya hema kukausha vitu vingine. Mzee alikuwa ametoka kuokota kuni na mjukuu wake. Nikasikia hatua zao, halafu nikasikia mzigo wa kuni unawekwa chini. Nilichungulia. Alikuwa amesimama mbali kidogo na lile shuka, hasogei. Akauliza kwa sauti ya chini, haikuwa sauti ya mchezo: Marystella, pale kwenye tawi kuna kitu cheupe, unaona na wewe?

Mtoto alikuwa bado yuko kwenye utani wa kambi nzima. Akajibu kwamba haoni kitu.

Mzee hakubisha. Alitazama tena lile shuka, shuka kubwa la kitanda, jua limelipiga, linapepea. Kisha akainama, akajitwisha kuni zake, akageuka kuzunguka kwa njia ya mbali ya mikoko. Alimwamini mtoto, akayaacha macho yake. Marystella akamkimbilia anacheka, akamshika mkono, babu nilikuwa nakutania, lipo, ni shuka la mwalimu. Naye akacheka. Ila hakulisogelea lile shuka mpaka mtoto alipokwenda kuligusa kwanza.

Nilimfuata yule mtoto baadaye nikamuuliza babu yake alianza lini tabia hii. Akaniambia hajui, yeye amemkuta hivyo. Bibi yake ndiye anayesema babu hakuwa hivyo zamani, kwamba ugonjwa huo aliutoa Mtua.

Raudha, hapa sasa soma polepole. Kama Mama yuko jikoni, mwite akae. Soma kwa sauti ya kawaida, usinong'one, maana uongo wenyewe ulisimama mbele ya kijiji kizima.

Baba, gunia lilikuwepo.

Mimi ndiye niliyelitundika. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, sawa na Raudha leo. Kuna jirani yetu, marehemu sasa, sitamtaja, alikuwa akipika uraka kwa siri, ile pombe ya mabibo, na aliniahidi hereni za shaba nikimpelekea mabibo magunia mawili. Nilikuwa na masikio mawili matupu na tamaa ya masikio ishirini. Siku ya Ijumaa, wote mkienda msikitini na Mama akiwa kisimani, nikalishusha gunia lile la kiraka kutoka stoo kwa sababu lilikuwa ndilo kubwa kuliko yote. Nikampelekea safari mbili. Liliporudi lilikuwa limelowa na linanuka, na mtoto wa Mzee Isihaka hawezi kurudisha stoo gunia linalonuka uraka. Nikalifua. Nikalitundika likauke pale ambapo jua lilikuwa kali, kwenye mkorosho wa njiapanda. Nilijua maana yake, sitasema sikujua. Nilijidanganya kwamba mchana ule ng'ombe wako mbali, litakauka kabla hawajapita. Nikakaa kulisubiri chini ya mti mwingine, majani yamenificha, usingizi ukanichukua. Kengele za ng'ombe ndizo zilizoniamsha, na walikuwa tayari wameshaingia.

Nikalishusha. Nikakimbia nalo kwa njia ya nyuma, nikalikunja bichi hivyo hivyo, upande mkavu juu, nikaliweka stoo. Wazee walipokuja kutazama, hakuna aliyelikunjua. Mngelikunjua mngekuta maji. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimembeba Raudha kiunoni, naomba msilikunjue, na Mungu akanisikia, mpaka leo sijui kwa nini alinisikia.

Ulipoyasema yale maneno ya macho na tumbo, nilikuwepo. Nilimwona Mzee Kashinje akikutazama wewe, si wale wazee, wewe peke yako, akingoja useme kitu kingine. Kisha akatazama chini. Hereni zile nilizivaa siku moja tu, nikazitupa chooni. Lakini mtamba wa pili aliuzwa, nikaenda sekondari kwa fedha zake, na hizo sikuzitupa. Nimesoma kwa ng'ombe wa mtu niliyemfanya mwongo, na Jumatatu kwa Jumatatu nimekunywa maziwa yake nikamwambia ahsante babu. Kila mwaka nilijiambia nitakueleza mwakani. Mwanzoni niliogopa fimbo yako. Nilipokua mkubwa, fimbo haikunitisha tena, nikawa naogopa macho yako tu.

Basi leo asubuhi nimemwambia yeye. Najua ulipaswa kuwa wa kwanza, na hata yeye amenigombeza kwa hilo, lakini baada ya lile shuka sikuweza kula. Nilimkuta amekaa kwenye mchanga, maji yamekupwa. Nilipiga magoti nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, pamoja na uraka na hereni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza swali moja tu, kiraka kilikuwa upande gani. Nikamwambia chini, pembe ya kushoto. Akauliza rangi. Nikasema nyekundu.

Akasema, basi niliona.

Akarudia mara mbili, tatu, hakuwa anasema na mimi. Baba, mzee yule alilia. Hakulia kwa sauti, machozi tu yalikuwa yanashuka na yeye anatazama mbele. Akaniambia kwamba siku ile, watu wote waliposema gunia halikuwepo, alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: ama Isihaka ni mwongo, ama macho yake yamekwisha. Akachagua macho. Amesema ilikuwa rahisi zaidi kupoteza macho kuliko kukudhania wewe hivyo. Tangu hapo ameazima macho ya watoto wake, na watoto walipooa na kuolewa, akaazima ya wajukuu.

Nilimwomba anipige. Akasema hachapi mwalimu mbele ya wanafunzi. Nikamwambia tutamrudishia ng'ombe wake, akatikisa kichwa, akauliza tu habari za yule mtamba mwenye baka jeupe shavuni, kama bado yu hai. Nikamwambia yu hai, ameshatuzalia mara sita, na jina lake ni Fidia. Jina hilo lilimchekesha huku bado analia. Anataka kujua kama bado anageuza kichwa akipigiwa mluzi. Raudha, jaribu jioni, mluzi mrefu mmoja halafu mfupi, uniambie.

Kwa hiyo Baba, hasira yote uliyomwekea yeye ihamishie kwangu. Ina anwani sasa. Kama ni viboko, vyangu ni kumi na moja, kimoja kwa kila mwaka, na nitalala chini mwenyewe mtu mzima na cheti changu. Kama ni kusimama mbele ya wazee wa kijiji na kusema niliyoyasema humu, nitasimama, naomba uwaite. Lakini yeye usimwekee tena kitu. Najua hata wewe hukuwahi kumtoa moyoni. Kibuyu chake bado kiko darini. Mama akitaka kukitupa unasema ni cha kuwekea mbegu za ufuta, na miaka kumi na moja hakijawahi kuona mbegu. Na korosho zikiisha unakwenda kusimama mwisho wa shamba jioni, unasema majani yamekuwa marefu, utasema unamlalamikia mtu. Sisi tulikuwa tunakuona.

Ninachoomba ni hiki. Kesho tunarudi Malolo. Jumamosi asubuhi, Mungu akipenda, mimi na Mzee Kashinje tutakuja Mtua, tutashuka njiapanda. Nilimwambia tuingie moja kwa moja mpaka nyumbani. Amekataa. Amesema shamba la Isihaka lina mlango wake, na yeye hajawahi kuuvuka bila alama, hata siku ile hakuuvuka bila alama. Atasimama barabarani na fimbo yake, atautazama ule mkorosho. Akiukuta mtupu, atanisalimia vizuri na kurudi alikotoka, na Liwale ataenda bila kinyongo. Ndivyo alivyosema, na ninamwamini.

Korosho zimekwisha. Gunia lipo, nililiona Idi iliyopita nyuma ya madebe, kiraka kimepauka lakini bado ni chekundu. Ng'ombe hatakuja nao, ni sisi wawili tu. Sitakuambia ulitundike, mimi si wa kukufundisha wewe. Ila namjua huyu mzee sasa. Hata kama lipo, hataamini. Atanigeukia pale barabarani aniulize kama na mimi ninaona. Niliyemtia upofu ni mimi, na sijawahi kutaka kitu hapa duniani kama ninavyotaka siku hiyo kumjibu kwamba ndiyo, babu, lipo, naliona.

Niishie hapa, karatasi imebaki kipande na Shaibu anavaa viatu. Mpeni chakula kijana wa watu, katoka mbali, na msimuulize maswali kabla hajala. Mama yangu Sikuzani mbusu kifua kinachokohoa, na anisamehe kwa lile gunia lake. Raudha, ahsante kwa kusoma bila kuruka. Ukiona kitu, sema. Hata kama unaogopa.

Wewe Baba nakupenda, nimekupenda muda wote huo nikiwa nakudanganya, na nakuomba radhi nikiwa nimepiga magoti kwenye mchanga.

Ni mimi mwanao, niliyelitundika na niliyelishusha,

Hafidha binti Isihaka.